Kitale Iko Juu ya Mstari, Bungoma Iko Chini Yake

Wiki jana niliweka klipu fupi nikiwa kwa matatu kutoka Kitale nikishuka Bungoma, nikasema tu "hapa ndio tunavuka mstari", basi nikazima simu. Mlinisumbua! Mmoja akauliza kama ni mpaka wa kaunti, mwingine akasema naongelea ikweta, na kuna buda mmoja akaandika eti nimeanza kuvuta vitu. Mpaka wa kaunti sio, ikweta sio, na sijavuta kitu. Huu mstari hauna kibao barabarani. Na kwa sababu hauwezi kuingia kwenye klipu, leo nimeamua kuandika. Ni ndefu. Chukua chai.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka stejini asubuhi na mapema bila sweta, utajuta. Gari likipita Kiminini, Kamukuywa, likaingia Misikhu, mwili wenyewe unaanza kukuambia unashuka: masikio yanaziba, madirisha yanafunguliwa, mama aliyekuwa amejifunika leso anaikunja. Webuye uko karibu mita 1,500. Ukifika Kanduyi na kuingia Bungoma uko mita 1,400 hivi, na jasho liko shingoni. Sasa shika hiyo namba ya katikati, mita 1,500. Kwa vipimo vya zamani ni futi 5,000. Hapo ndipo kuna mstari.

Mimi nimezaliwa Kitale, lakini kukhu wangu alikuwa na boma nje kidogo ya mji wa Bungoma, na kwa miaka miwili mama alipokosa kazi nilipelekwa kusoma huko. Darasa la tatu. Jirani yangu wa dawati alikuwa kijana mchangamfu, mwembamba, mbio zake hazikuwa na mpinzani. Muhula wa pili akaanza kuvimba shavu la kushoto. Tulimcheka. Tulimuita majina, na mimi nilikuwa mmoja wao, sitajitoa. Ndani ya wiki moja shavu likawa kubwa mpaka jicho likaanza kusukumwa juu, na meno ya upande huo yakawa yanacheza yenyewe mdomoni. Nyumbani walimpeleka kliniki moja ya karibu, wakamng'oa jino. Uvimbe ukaongezeka. Wakarudi, akang'olewa lingine. Mara ya tatu kliniki ikasema waende mbele, hospitali kubwa, na nauli ikatafutwa kwa wiki mbili. Alikuwa amevimba na tumbo tayari. Alifariki kabla ya shule kufungwa.

Kijijini stori ikawa moja: amerogwa. Na mchawi akapatikana haraka, kama kawaida yetu. Ilikuwa ni wifi ya mama yake, dada wa baba, mwanamke aliyeachika akarudi kuishi kwao na ambaye siku moja aligombana na mama wa mtoto juu ya kisima. Huyo mama alitimuliwa usiku na nguo alizovaa. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliamini kabisa. Nilimuogopa yule mwanamke kiasi cha kuota ndoto.

Sasa turudi nyuma, mpaka 1957, ng'ambo ya mpaka, pale Kampala.

Hospitali ya Mulago kulikuwa na daktari wa upasuaji anaitwa Denis Burkitt. Mzaliwa wa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto wa miaka kumi na moja, na bado akawa daktari wa kushika kisu, jambo ambalo mimi peke yake linanifurahisha. Alifika Uganda 1946, akafanya kazi kwanza Lira, upande wa Lango, kisha akahamishiwa Mulago. Siku moja mwaka huo wa 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimuita wodini kumwona mtoto wa miaka mitano. Taya zote mbili zimevimba, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa. Jipu haliji pande nne kwa mpigo. Akampiga picha, akaandika, akaenda zake.

Wiki chache baadaye akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto wa kike ameketi kwenye nyasi na mama yake. Uso ule ule. Akatoka mbio. Alipompima akakuta pia uvimbe tumboni. Kesi moja inaweza kuwa ajabu tu. Ya pili ndiyo iliyomfanya aanze kufukua mafaili ya hospitali, na akagundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya walikuwa mara kwa mara na uvimbe kwenye figo, ini, ovari. Madaktari walikuwa wanaandika kila uvimbe kwa jina lake kama magonjwa tofauti. Yeye akasema ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha ripoti yake katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza, na kwa muda hakuna aliyeshtuka.

Hapa nataka niseme kitu, kwa sababu huwa tunapenda stori za mzungu mmoja aliyefungua macho. Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya misheni ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameacha kwenye madaftari yake maelezo na michoro ya watoto wenye taya za namna hiyo. Mtaalamu wa patholojia wa Mulago, Jack Davies, na wenzake walikuwa tayari wanahesabu saratani za Kampala na kuona kwamba uvimbe huu ni mwingi mno kwa watoto. Mwamerika Gregory O'Conor ndiye aliyeutazama kwa darubini na kuonyesha kwamba ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga. Na kabla ya wote hao walikuwepo akina mama. Mama wa Jinja aliyeketi kwenye nyasi alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kile kitu kinakua kila siku. Jina lililobaki kwenye ugonjwa ni la Burkitt. Sina shida kubwa na hilo, lakini na wewe jua.

Kitu ambacho Burkitt alifanya na ambacho wengine hawakufanya ni kuuliza: wapi? Sio tu "ni nini", lakini "unapatikana wapi na wapi haupatikani". Alichukua ruzuku ya pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto hao, akazituma hospitali za Afrika nzima. Je, umeona hii? Majibu yakaanza kurudi, na kila jibu la ndiyo likawekewa pini kwenye ramani. Pini zikatengeneza mshipi mpana katikati ya bara, pande zote za ikweta, na mkia mrefu ukishuka pwani ya mashariki mpaka Msumbiji. Swali likawa, ule ukingo wa mshipi umewekwa na nini?

Oktoba 1961 akapakia gari na madaktari wawili marafiki zake, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule West Nile, na Cliff Nelson. Gari kuukuu aina ya Ford. Walizunguka kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini na kurudi, wiki 10, maili 10,000, hospitali karibu 60. Kila mahali swali lile lile na picha zile zile. Mimi nikisoma hii sehemu huwa nacheka kidogo, maana leo mtu akitaka kufanya utafiti anaanza na semina hotelini.

Na jibu lilikuwa nini? Kimo. Karibu na ikweta, ugonjwa unaonekana chini ya futi 5,000, na juu ya hapo unapotea. Wagonjwa wachache waliokutwa juu mara nyingi walikuwa wametoka chini. Na kadiri walivyokwenda kusini, ule mstari ulishuka: kwenye nchi zilizo mbali na ikweta ilibidi uwe chini zaidi ili ukutane na ugonjwa. Alexander Haddow, aliyekuwa taasisi ya utafiti wa virusi pale Entebbe, akawaambia kwamba kinachopimwa hapo sio kimo chenyewe, ni joto, na mvua. Na ukisema joto na mvua pamoja katika Afrika, umesema mbu.

Sasa umeelewa kwa nini nilisema mstari umepita kati ya Kitale na Bungoma.

Na hebu niweke jambo moja kando kidogo. Kitale ni mji wa namna gani kihistoria? Ni mji wa walowezi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Trans Nzoia iligawiwa wazungu, wanajeshi wa zamani wengi wao, na reli ikawafikia 1926. Nyanda za juu zilitakiwa kwa udongo, ndiyo, kwa mahindi, lakini pia kwa hewa. Hewa maana yake ilikuwa homa chache. Watu waliosukumwa kutoka huko, na wale waliobaki kwenye hifadhi za wenyeji, wengi waliishi upande wa joto. Kwa hivyo ramani ya Burkitt, ukiilaza juu ya ramani ya ukoloni, kuna mahali zinashikana vizuri mno. Burkitt alichora mstari kwa ajili ya mbu. Mstari unaofanana na huo ulikuwa umeshachorwa kwa ajili ya mashamba, miaka arobaini nyuma. Sisemi walowezi walileta saratani. Nasema kuna watu waliochagua upande gani wa mstari watoto wao wakue, na kuna watu hawakuulizwa.

(Na kabla mtu wa Kitale hajanijia juu: najua kwamba na sisi tunaugua malaria. Tunaipata. Lakini haiko mwaka mzima kwa nguvu ile ya Bungoma, Busia na kandokando ya ziwa.)

Mwanzoni watu walidhani mbu anabeba virusi vya saratani moja kwa moja. Haikuwa hivyo, na hapa stori inagawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza inaenda London. Tarehe 22 Machi 1961, kabla hata ya ile safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara Middlesex Hospital. Kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, aliketi pale akisikiliza na kabla mhadhara haujaisha alikuwa ameamua kuacha kazi aliyokuwa akiifanya. Wakakubaliana vipande vya uvimbe viwe vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kwa maabara, maji yake yalikuwa na ukungu pia, wakadhani kimeoza. Kumbe zilikuwa seli hai zinaelea. Zikakuzwa. Februari 1964 Epstein akaziweka chini ya darubini ya elektroni akaona virusi ambavyo havijawahi kuonekana. Yeye na Yvonne Barr, na Bert Achong ambaye alizaliwa Trinidad, wakachapisha Machi 1964. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr, na vilikuwa vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Achong jina lake halikuingia. Na mtoto aliyetoa kile kipande? Seli zake zimeandikwa kwa herufi mbili za virusi na namba. Yeye hayupo.

Lakini tatizo: virusi hivyo viko kwa karibu kila mtu duniani. Wewe unayesoma, una uwezekano mkubwa unavyo sasa hivi. Hapa kwetu watoto wengi wanavipata kabla ya miaka mitatu, kwa mate tu. Kama vingetosha peke yake, Kitale nzima ingekuwa imevimba.

Njia ya pili ndiyo inayopita Kenya. Mwaka 1964 Gilbert Dalldorf na wenzake, akiwemo Allen Linsell aliyekuwa mtaalamu wa patholojia Nairobi, walitazama takwimu za wagonjwa wa Kenya na kuona kwamba watoto wenye uvimbe wanatoka pale malaria ilipo kali mwaka mzima. Yaani mbu habebi saratani. Mbu anabeba malaria, na malaria, ikimpiga mtoto tena na tena kuanzia uchanga, inazisukuma seli B za kinga zifanye kazi bila kupumzika, zikiwa na virusi ndani. Siku moja inatokea ajali.

Ajali yenyewe iko kwenye kromosomu, na sasa naomba umakini, usiniache hapa. Kila seli ya mwili wako ya kawaida ina kromosomu 46, ambazo ni kama magunia ya maagizo. Mwaka 1972 Wabulgaria wawili, Georgi Manolov na Yanka Manolova, wakifanya kazi Stockholm katika maabara ya George Klein, waligundua kwamba seli za uvimbe huu zina kromosomu namba 14 iliyorefuka. Klein alikuwa akipokea vipande vya uvimbe kutoka Nairobi kwa Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo aliyekuwa akitibu watoto hawa hapa Kenya. Mwaka 1976 Lore Zech akaonyesha ile nyongeza imetoka wapi: imekatika kutoka namba 8. Na 1982 ikajulikana kwamba kilichohamishwa ni jeni inayoitwa MYC, ambayo kazi yake ni kuiambia seli "gawanyika". Ilikuwa na swichi ya kuzima. Ikatua jirani na jeni ya kutengeneza kingamwili, ambayo kwa seli B huwa imewashwa muda wote. Basi. Seli haina tena ruhusa ya kupumzika. Miaka ya karibuni watafiti wameonyesha hata mkasi: kuna kimeng'enya cha mwili chenyewe, AID, ambacho hukata vinasaba vya seli B ili kinga iwe bora, na malaria hukifanya kikate kupita kiasi na mahali pasipofaa.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Hakuna saratani ya binadamu inayokimbia hivyo. Wiki mbili za kutafuta nauli, kwa huu ugonjwa, ni kama miaka miwili kwa ugonjwa mwingine.

Sasa fikiria, seli inayogawanyika kila siku lazima kila siku igawe kromosomu zake vizuri. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kugawanyika, kila kromosomu inanakiliwa, nakala mbili zinagandishwa pamoja, halafu kutoka pande mbili za seli zinakuja nyuzi zilizotengenezwa na protini inaitwa tubulini. Nyuzi zinazishika kromosomu, hii nakala upande huu, ile upande ule, tayari kuvuta. Lakini nani anaamua wakati wa kuvuta? Ukivuta mapema, mtoto mmoja wa seli anatoka na 47 na mwingine 45. Makosa ya namna hiyo yakitokea yai la mama linapotengenezwa, ndiyo mara nyingi huleta mtoto mwenye Down. Kwenye seli za kawaida huweza kufungua njia ya saratani.

Anayeamua ni makanga. Nisikilize. Unajua stejini Kitale gari haliondoki mpaka lijae. Hata kama umechelewa mazishi, hata kama umepiga kelele, kiti kimoja kikiwa wazi makanga amesimama mlangoni, mkono kwenye bodi, dereva hathubutu. Ndani ya seli kuna protini zinazofanya kazi hiyo, na mojawapo inaitwa MAD2. Kila kromosomu ambayo bado haijashikwa na nyuzi inaiwasha MAD2, nayo inasambaa ikisema bado, bado. Kromosomu moja tu kati ya 46 inatosha kuizuia seli nzima. Ya mwisho ikishikwa, kelele inazima, gundi inakatwa, na nakala zinavutwa pande mbili kwa pamoja. Jeni za makanga hawa ziligunduliwa mwaka 1991 kwa hamira, ndiyo, hamira, katika maabara mbili za Marekani. Rong Li na Andrew Murray waliimwagia benomili, dawa ya kuua ukungu ambayo wakulima wanaijua, maana inavunja zile nyuzi. Hamira nzima inasimama na kusubiri. Chache haikusubiri, ikaendelea kugawanyika kizembe ikafa, na katika hizo zembe ndimo walimokuta jeni iliyoharibika. Makanga wa binadamu, MAD2 yetu, akapatikana 1996.

Lakini dawa ya watoto wetu ilikuja kabla ya hayo yote, bila mtu kumjua makanga. Kuna ua fulani, la waridi au jeupe, petali tano, katikati kama jicho. Liko mbele ya nyumba nyingi Bungoma. Kukhu alilipanda kando ya mlango kwa sababu mbuzi hawaligusi na halihitaji maji mengi. Asili yake ni Madagaska. Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake kama dawa ya kisukari, na majani yakafika Kanada kwa Robert Noble na Charles Beer, ambao walitafuta sukari wakakuta kitu kinachoshusha seli nyeupe za damu. Kutoka kwa ua hilo zikatoka dawa mbili, na ya pili, vinkristini, ikaruhusiwa Marekani 1963. Madaktari walijua inaua seli zinazogawanyika. Jinsi inavyofanya ni hivi: inaishika tubulini, nyuzi zinashindwa kujengwa. Kromosomu zinabaki hazijashikwa. Makanga anapiga kelele saa baada ya saa, gari halijai, haliwezi kujaa, na seli inafia stejini. Seli ya Burkitt, ambayo haijui kupumzika, ndiyo inayoingia stejini kila mara. Mbio zake zinaigeukia.

(Tafadhali, tafadhali, usiende kuchemsha ua la jirani. Ni sumu. Dawa ya hospitali imesafishwa na kupimwa kwa miligramu, na hata hiyo inaacha vidole vikiwa na ganzi kwa sababu mishipa ya fahamu nayo inatumia nyuzi zile zile.)

Mwaka 1967 pale Mulago kikafunguliwa kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. Ndicho kilichokuja kuwa Uganda Cancer Institute. John Ziegler akakiongoza, na huko ndiko watoto walipewa dawa kwa mchanganyiko: siklofosfamidi, vinkristini, methotreksati. Kabla yake Burkitt mwenyewe, na Clifford kule Nairobi, walikuwa wameshaona mtoto akipewa dozi chache na uso ukarudi kuwa uso. Wengine walipona kabisa. Hii ilikuwa moja ya saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa bila kisu. Dunia ilijifunza hapa kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1972 tuzo ya Lasker ikagawiwa kundi la madaktari wa dawa za saratani, Burkitt na Ziegler wakiwemo, na Vincent Anomah Ngu wa Kamerun. Mwaka huo huo Ziegler akaondoka Uganda ya Amin, na Charles Olweny, Mganda, akakishika kituo katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa shida.

Leo, nchi tajiri zinaponya watoto kama tisa kati ya kumi wa ugonjwa huu. Huku kwetu wanaopona ni wachache zaidi ya hapo kwa mbali, na dawa nyingi ni zile zile. Tofauti iko kwenye ile njia kati ya shavu na drip: jino la kwanza, jino la pili, mganga, nauli, foleni, dawa imeisha, baba amerudi shamba kupanda. Na tofauti nyingine iko kwa mbu. Chanjo ya malaria ilipoanza kujaribiwa kwa utaratibu wa kawaida Kenya mwaka 2019, ilipelekwa kaunti nane za magharibi na ziwa, na Bungoma imo. Trans Nzoia haimo. Mstari ule ule, safari hii kwa faida ya walio chini yake.

Kama kuna mtoto karibu nawe mwenye shavu linalovimba haraka, meno yanacheza na hana maumivu ya jino, hasa akiwa na miaka kati ya mitatu na kumi, usikubali jino ling'olewe mara ya pili. Uliza neno Burkitt. Litaje hivyo hivyo.

Siku niliyorekodi ile klipu nilikuwa naenda kwa mama wa yule kijana. Sikusema kwenye klipu. Nilikuwa nimejipanga kwa miezi. Alinikaribisha jikoni, akanipa chai na ndizi, akauliza habari za mama yangu na za mahindi ya Kitale. Nikamwambia, "Mayi, nimekuja kuongea habari ya mtoto wako." Nikamwambia yote haya, bila MAD2, bila Stockholm. Nikamwambia kuhusu malaria, na kipande kilichokatika mahali kikashikamana mahali pengine, na kwamba hakuna mkono wa mtu uliokishika. Nikamwonyesha ua kwenye simu. Akasema analo nyuma ya choo.

Akachochea moto muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Kwa hivyo dada ya baba yake hakufanya kitu," akasema.

"Hakufanya kitu, mayi."

Akafuta mikono kwa leso, akaniuliza kama naweza kumtafutia namba ya simu. Alisikia wifi yake anauza mboga sokoni huko Kitale.